Kivuli cha 1919 na Sayari za Mbali

Alasiri ya tarehe 29 Mei 1919, kivuli cha mwezi kilivuka Kongo na kusini mwa Tanganyika, kikaishia Msumbiji jua likikaribia kuzama. Huku Sirisia, karibu na Mlima Elgon, jua lilimegwa tu. Magharibi kabisa, kisiwani Príncipe, Mwingereza Arthur Eddington alikuwa akipiga picha nyota zilizoonekana kando ya jua lililopatwa. Einstein alikuwa amesema mwanga ukipita karibu na jua hupinda, na picha zile zilimuunga mkono.

Mwaka 1936 Einstein aliongeza kwamba nyota ikipita mbele ya nyingine, uvutano wake utaukuza mwanga wa ile ya nyuma kama lenzi. Akaona hakuna tumaini la kulishuhudia jambo hilo. Alikata tamaa mapema mno! Mwaka 1991 Shude Mao na Bohdan Paczyński walionyesha kwamba sayari iliyo kando ya nyota ya mbele nayo itaacha alama yake katika mwanga huo.

Hapo ndipo penye faida. Sayari ya nyota 51 Pegasi, iliyogunduliwa 1995, huizunguka nyota yake kwa siku nne tu, kwa hiyo mtikisiko wa nyota unaosababishwa na uvutano wa sayari hiyo hupimika upesi. Zohali yetu humaliza mzunguko mmoja kwa miaka 29. Nani wa kuingoja? Lenzi haingoji mzunguko. Ubaya wake ni kwamba tukio halijirudii, kwa hiyo watazamaji hupokezana zamu bara hadi bara ili usiku usiwaponyoke.

Agosti 2005, mwanga wa nyota moja upande wa kitovu cha Njia Nyeupe ulikuwa ukififia baada ya kukuzwa, mara ukainuka kidogo kwa muda wa nusu siku hivi. Darubini ya La Silla, Chile, iliudaka, ya Perth, Australia, ikathibitisha. Ilikuwa sayari yenye uzito wa Dunia kama tano na nusu, mbali na nyota yake mara 2.6 ya umbali wetu na jua. Ilitangazwa Januari 2006.

Leo Wakorea wana darubini tatu za kazi hii: Chile, Australia na Sutherland, Afrika Kusini. Kitovu cha Njia Nyeupe hupita juu sana katika anga ya Sirisia mwezi Juni na Julai, ila ndio msimu wa mvua na mawingu ya Mlima Elgon. Ukitaka kukiona, amka kabla ya alfajiri mwishoni mwa Februari, mvua hazijaanza, utazame kusini mashariki.