Kwa Nini Datsun na Si Volvo? Historia ya Kuchagua Magari ya Modeli

Wasomaji wangu, nimepotea kwa majuma matatu. Kazi ilinibana, na jioni zilizobaki nilizimalizia mezani nikigundisha vipande vya plastiki. Leo basi naomba tuweke kodi kando kidogo, ingawa mtaona mwishoni kwamba hatukwenda mbali nayo.

Niliagiza kutoka Japani seti ya modeli ya Datsun 240Z, lile lililoshinda Safari Rally mwaka 1971. Ni skeli ya 1/24, maana yake gari la kweli ni kubwa mara 24 kuliko lile la mezani. Unapewa boksi lenye fremu za plastiki, unakata vipande, unagundisha, unapaka rangi, unabandika stika. Nilipomaliza nikaipeleka Nakuru kumwonyesha mjomba wangu. Mjomba ni fundi mstaafu wa magari, na katika ujana wake alikuwa akilala kando ya barabara usiku kucha ili ayaone magari ya Safari yakipita.

Aliishika kwa vidole viwili kama yai. Akaigeuza, akatazama chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaniuliza: "Na ile Volvo ya Joginder Singh wametengeneza? Na Peugeot 404?"

Nikamwambia sijawahi kuziona kwenye rafu ya duka.

"Kwa nini? Zilishinda pia."

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na makala haya ndiyo jibu lenyewe.

Tuanze na hesabu. Modeli ya plastiki hutengenezwa kwa kalibu, yaani umbo la chuma lililochongwa kwa ndani. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa humo kwa nguvu, hupoa, hufunguliwa, na vipande hutoka vikiwa vimeshikamana kwenye fremu. Plastiki yenyewe ni bei rahisi. Gharama iko kwenye kalibu, na hata kabla ya kalibu iko kwenye kulipima gari, kuchora kila kipande na kuamua plastiki itapita wapi. Boksi la kwanza lina gharama ya kutisha, lakini la elfu kumi karibu halina. Anayeandika programu analijua jambo hili vizuri: unasota mwaka mzima ili kupata nakala moja, halafu kunakili ni bure. Tofauti ni kwamba sisi tukikosea tunatoa toleo jipya kesho yake. Wao wakichagua gari lisilonunuliwa, wanabaki na donge la chuma.

Kwa hiyo swali la gari lipi litengenezwe si la ushabiki tu. Kampuni inaweza kuanguka kwa jibu baya.

Mfano mzuri ni Tamiya ya mji wa Shizuoka. Ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikaingia kwenye modeli za mbao, na mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari ya Yamato. Ilikuwa kazi nzuri, lakini mshindani alikuwa na Yamato yake kwa bei ya chini, na Tamiya wakapata hasara. Funzo likawa kwamba kitu kuwa maarufu hakutoshi. Kila mtu anakijua, kwa hiyo kila mtu atakitengeneza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakajaribu kifaru cha Kijerumani cha Panther, chenye mota ndogo ya kukitembeza. Skeli yake ilikuwa 1/35. Kwa nini 35, wala si 30 au 40? Kwa sababu huo ndio ukubwa uliowezesha betri na mota kuenea ndani. Leo 1/35 ni kipimo kinachofuatwa dunia nzima kwa vifaru, na chanzo chake ni betri. Nilicheka niliposoma hilo. Ni mara ngapi tumekuta namba ya ajabu katikati ya programu ya zamani, hakuna anayethubutu kuigusa, na mwishowe tunagundua iliwekwa tu kwa sababu ya mashine fulani iliyokwisha kufa?

Sasa tuje kwenye magari ya mbio. Mwaka 1967 Tamiya walitoa gari la Formula 1 la Honda, RA273, kwa skeli kubwa ya 1/12. Hapa pana kitendawili. Gari la Honda lililoleta ushindi wa kwanza wa kampuni hiyo katika Formula 1 lilikuwa RA272, likiendeshwa na Richie Ginther huko Meksiko mwaka 1965. RA273 halikushinda hata mbio moja. Mbona basi wakalichagua hilo?

Nionavyo, sababu ni wakati na macho. RA273 ndilo lililokuwa likikimbia siku zile, na lilikuwa gari la Kijapani likipambana na Wazungu kwenye uwanja wao. Tena lilikuwa na injini ya silinda 12 iliyokaa wazi nyuma ya dereva, na mabomba ya moshi yamejikunja juu yake kama nyoka. Mtu anayenunua modeli hanunui matokeo ya mbio. Ananunua saa nyingi za kukaa na kitu mkononi, na mabomba yale yangempa kazi ya kufanya. RA272 lilisubiri hadi miaka ya 1990 ndipo Tamiya wakalitengeneza. Mshindi alikuja nyuma ya aliyeshindwa kwa karibu miaka 30.

Hadithi ya Tyrrell P34 ni hiyo hiyo. Lilikuwa gari la Formula 1 lenye magurudumu sita, manne madogo mbele na mawili makubwa nyuma. Lilikimbia mwaka 1976 na 1977 na kushinda mara moja tu, Uswidi mwaka 1976, Jody Scheckter akiwa usukani. Yapo magari yaliyoshinda zaidi yake ambayo hakuna anayeyakumbuka. Lakini Tamiya walipoanzisha mfululizo wao wa magari ya Formula 1 ya skeli ya 1/20, namba moja ilikuwa P34. Hebu jiweke mahali pa mtoto anayepita mbele ya rafu yenye maboksi hamsini. Magurudumu sita yatamsimamisha bila muuzaji kusema neno.

Kisha kuna Porsche 934. Ili kuitengeneza sawasawa, Shunsaku Tamiya, aliyeiongoza kampuni kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2025, alinunua Porsche 911 ya kweli na kuifungua kipande kwa kipande ili ipimwe. Ilipofika wakati wa kuirudisha, ikabidi waitwe mafundi wa Porsche. Mjomba alipolisikia hili alicheka mpaka akatoa machozi. "Kila fundi anajua kufungua," akasema. Modeli ilitoka mwaka 1976, lakini gharama ilikuwa imepaa kupita kiasi. Tamiya wakafanya nini? Wakalichukua umbo lile lile wakalitia mota na redio, na mwishoni mwa mwaka huo huo wakaliuza kama gari linaloendeshwa kwa rimoti. Likauzika sana, na mlango wa biashara kubwa ukafunguka kwa namna hiyo, kwa sababu kampuni ilikuwa ikitafuta kurudisha fedha zilizotumika kwenye kazi nyingine.

Hapa ndipo nilipoliona jibu la kwanza la swali la mjomba. Gari linalochaguliwa ni lile ambalo kazi yake inaweza kutumika tena. Modeli yangu ya 240Z imetengenezwa na Hasegawa, kampuni ya mkoa huo huo wa Shizuoka. Kalibu zao za 240Z hutoa pia gari la kawaida la barabarani, ambalo Wajapani huliita Fairlady Z. Badilisha stika, ongeza taa za mbele na vipande vichache vya rali, na sasa una boksi la Safari. Anayelipenda gari la mtaani ananunua moja, anayependa rali ananunua jingine, na sehemu kubwa ya chuma ni ile ile. Sisi tungesema wameandika maktaba moja na kuitumia kwenye programu mbili.

Jibu la pili ni wanunuzi. Wajapani waliijua Safari Rally kuliko tunavyodhani. Mwaka 1969 walitengeneza filamu nzima kuihusu, na nyota wake alikuwa Yujiro Ishihara, mmoja wa waigizaji wao wakubwa kabisa wa enzi hizo. Mwaka uliofuata Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda Safari kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka 1971 wakashinda tena kwa 240Z, huku Shekhar Mehta akishika nafasi ya pili kwa 240Z nyingine. Kwa Mjapani wa umri wa mjomba wangu, vumbi la barabara zetu ni sehemu ya ujana wake. Hasegawa wametoa magari yote mawili ya Herrmann, la 1970 na la 1971.

Jibu la tatu ni ruhusa. Leo kampuni za magari hudai ada kwa kutumia jina na umbo la magari yao, na wadhamini nao wana mambo yao. Chukua McLaren MP4/4, gari lililoshinda mbio 15 kati ya 16 za mwaka 1988. Rangi zake zilikuwa za sigara, na kwa kuwa matangazo ya sigara yamebanwa na sheria, modeli yake imeuzwa bila maandishi ya sigara hizo. Waundaji hununua stika za pembeni ili gari lifanane na picha.

Lakini jibu la nne ndilo lililoniuma. Ili kutengeneza modeli ya gari la zamani unahitaji ushahidi: michoro, picha za kila upande, na kama una bahati, gari lenyewe. 240Z iliyoshinda mwaka 1971 ipo. Nissan wanayo katika hifadhi yao ya magari ya kale huko Zama, na mwaka 2013 waliifanyia matengenezo ikarudi kutembea. Anayetaka kujua taa ilikaa wapi anaweza kwenda kuangalia.

Sasa tuyaweke hapo magari ya mjomba. Volvo PV544 ya Joginder Singh na nduguye Jaswant, washindi wa 1965, ilikuwa gari lililokwisha kutumika, lilikuwa la timu ya Volvo kabla yao. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963 na 1968 mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na katikati, 1966 na 1967, mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Ushindi mara nne! Kwa kigezo cha ushindi peke yake, 404 ingekuwa ya kwanza kwenye foleni. Lakini tumeona kwamba ushindi haujawahi kuwa kigezo kikuu. Inahitajika nchi yenye kiwanda kinachotaka kulikumbuka gari, wanunuzi waliokua nalo, na mtu aliyetunza vipimo. Sisi tulikuwa na barabara, matope na madereva. Kumbukumbu tuliwaachia wengine, na wao, kama ilivyo haki yao, wakatunza za kwao.

Nilimweleza mjomba haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba kuna Peugeot 404. Si ya rali, ni ya marehemu babu, haina injini, na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma kwa miaka. Akaniambia mnunuzi wa vyuma vikuukuu angekuja Jumatatu.

Ilikuwa Jumamosi. Nikachukua utepe wa kupimia, daftari na kamera, nikaingia kazini. Mjomba alikuja na kiti akakaa akinitazama. "Mpwa wangu," akasema, "hilo linanunuliwa kwa kilo, si kwa sentimita." Lakini baada ya nusu saa alikuwa ameshika ncha ya pili ya utepe, akinieleza ni kipande kipi si cha asili na ni kipi alikinyoosha yeye mwenyewe kwa nyundo.

Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni mita 2.65. Kwa skeli ya 1/24 hiyo ni milimita 110 na kidogo. Tulipata vipimo zaidi ya mia mbili na picha karibu mia tatu. Jumatatu mnunuzi alikuja na lori, akapima uzito, akalipa, akaondoka. Mjomba alisimama langoni mpaka vumbi likatulia.

Sina kiwanda wala fedha za kalibu. Nina faili tu, na nimeanza kuligeuza kuwa umbo la kompyuta, paneli moja kila jioni. Nikimaliza nitaliweka wazi, yeyote alichukue bure. Na wewe, kama nyuma ya nyumba yenu kuna gari la zamani linalomsubiri mtu wa kilo, tafuta utepe leo. Anza na umbali kati ya magurudumu, na usisahau kumwita mzee aliyelitengeneza ashike ncha ya pili.