Baroko si Paroko

Ukitoka Igogo ukashika Barabara ya Kenyatta kuelekea kusini, ziwa likiwa kuliani kwako, unapita Mkuyuni na kufika Butimba. Mtu wa Mwanza akisikia Butimba huwaza mambo mawili: chuo cha ualimu na gereza. Chuo tukiache. Gereza ndilo linalotuhusu, kwa kuwa wanakamusi hulitoa neno hilo kwenye Kireno igreja, yaani kanisa. Wareno walijenga ngome pwani na ndani yake wakaweka kanisa. Walipoondoka, waliowarithi wakafungia watu mle mle. Jina likabaki, kazi ikabadilika. Ngome ya Mombasa wenyeji waliiita Gereza, na Kilwa Kisiwani lile gofu kubwa la ufukweni linaitwa Gereza hadi leo. Kiswahili basi kinalo neno la Kireno la kanisa, isipokuwa linafunga watu.

Tusilolipata kwa Wareno ni jina la aina ya makanisa ambayo wao na wenzao wa Italia na Hispania waliyajenga katika karne hiyo hiyo ya kukaa kwao Mombasa. Mkazi wa Igogo aliyebahatika kufika Roma, au Goa ya Kale kule India, au Kisiwa cha Msumbiji ambacho kipo jirani zaidi, huingia katika kanisa la namna hiyo akashika kichwa. Akirudi na kuulizwa aliona nini, atasema: kanisa la zamani, lina dhahabu na madoido mengi. Hajasema uongo, lakini maneno hayo yanafaa pia kwa jumba la sultani na kwa ukumbi wa harusi. Waandishi wetu nao hugawanyika: kuna wanaoliacha neno katika tahajia ya Kiingereza, baroque, kama kipande cha mfupa ndani ya wali, na kuna wanaoandika baroki. Mimi napendekeza baroko, na nitaeleza kwa nini.

Barroco kwa Kireno iliitwa lulu isiyotimia duara, ile yenye kinundu au kupinda. Kamusi ya Akademia ya Ufaransa ya 1694 ililifasili neno hilo kwa lulu tu, majengo hayakutajwa. Wapo wanazuoni wanaolivuta kwenye istilahi ya mantiki ya zama za kati, baroco, aina ya hoja iliyopindapinda, ila wengi wamebaki na lulu. Vyovyote iwavyo, neno lilipoanza kutumiwa kwa sanaa katika karne ya 18 lilikuwa tusi. Waliolitumia walikuwa wapenzi wa mistari iliyonyooka na vipimo vya Kigiriki, na waliona majengo ya babu zao kuwa ya ovyo. Ilimchukua Heinrich Wölfflin, mwanahistoria wa sanaa kutoka Uswisi, kuandika kitabu mwaka 1888 ndipo watu wakaanza kuuchukulia mtindo huo kuwa mtindo wenye kanuni zake. Istilahi nyingi za historia ya sanaa zina asili kama hiyo: jina hutungwa na adui, kisha mtoto hukua nalo.

Kanuni zenyewe zina mantiki. Kanisa Katoliki lilitikiswa na Luther na wenzake, likakaa katika Mtaguso wa Trento kati ya 1545 na 1563, na moja ya maamuzi yake lilikuwa kwamba picha na sanamu zibaki, ziwafundishe waamini. Basi wasanifu wakapewa kazi mpya: jengo lisisubiri kutazamwa, liende kumkamata mtu. Kanisa la Gesù mjini Roma, la Wajesuiti, lililoanza kujengwa 1568, likaonyesha njia. Liliondoa safu za nguzo za katikati zilizokuwa zikiziba macho. Likawa ukumbi mmoja mpana, vikanisa vidogo ubavuni, kuba mbele, na kila aliyeketi akaiona altare na kumsikia mhubiri.

Baada ya hapo wakaja wakorofi wenye vipaji. Francesco Borromini, katika kanisa dogo la San Carlo alilolianza 1638 penye njia panda ya chemchemi nne, aliukataa ukuta ulionyooka. Ukuta wake unabonyea kisha unabenuka, unabonyea tena, kana kwamba jiwe linavuta pumzi. Gian Lorenzo Bernini, mpinzani wake, alichonga sanamu ya Mtakatifu Teresa wa Avila kwa ajili ya kanisa la Santa Maria della Vittoria, kisha akaficha dirisha juu yake. Mgeni haoni dirisha lilipo; anaona mwanga tu, ukiteremka juu ya miale ya shaba iliyopakwa dhahabu. Na Andrea Pozzo, bruda wa Kijesuiti, ndiye aliyefanya hila ninayoipenda kuliko zote. Kanisa la Sant'Ignazio lilipangiwa kuba, kuba haikujengwa. Mwaka 1685 Pozzo akachora kuba kwenye turubai bapa na kuitandaza darini. Sakafuni kuna duara la marumaru. Simama juu yake, utaapa kwamba kuna kuba ya kweli, kina chake kinakwenda mbinguni. Sogea hatua kadhaa, kuba inapinda na kuanguka upande.

Huo ndio moyo wa istilahi yetu. Jengo la baroko linamhesabu mtazamaji ndani ya ramani yake. Linajua atasimama wapi na atageuka lini. Anayepanda mlima wa Igogo ana uzoefu wa karibu na huo, ingawa hakuna aliyeuchora. Njia haziendi moja kwa moja: unazunguka jabali, nyumba inakuzibia, unapanda ngazi za mawe, halafu ghafla ziwa lote liko mbele yako pamoja na reli na meli za bandari ya kusini. Tofauti ni kwamba Igogo ghafla hiyo imefanywa na mawe. Borromini aliifanya kwa penseli na kwa makusudi.

Sasa swali la kihistoria, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi: kwa nini sisi, tuliokuwa na Wareno mlangoni, hatukupata jengo wala neno?

Tazama miaka. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome ya Mombasa kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, wakaiita ya Yesu. Mwaka uliofuata, 1594, Wajesuiti walianza kujenga Goa kanisa lao la Bom Jesus, Yesu Mwema. Goa ndiyo iliyokuwa makao makuu, na Mombasa ilipokea amri kutoka huko. Majengo mawili yenye jina moja, yameanzwa ndani ya miaka miwili, chini ya serikali moja. Kisha likaja lile la Bom Jesus kuwekewa mwili wa Fransisko Ksaveri, ambaye mwaka 1542, akielekea India, alipita Malindi. Kaburi lake la marumaru alilitoa Cosimo III wa Toscana, likachongwa Firenze na Giovanni Battista Foggini, nalo ni baroko tupu. Lilisimamishwa mwaka 1698.

Mwaka huo huo wa 1698, mwezi Desemba, Waomani waliingia ngome ya Mombasa baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Yesu wa Goa alipokuwa akipambwa kwa marumaru ya Italia, Yesu wa Mombasa alikuwa na askari wachache waliobaki hai baada ya njaa na maradhi. Wareno walirudi kwa muda mfupi 1728 na 1729, wakafukuzwa tena, na kaskazini ya mto Ruvuma mlango ukafungwa. Hata Ngome Kongwe ya Unguja Waomani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno.

Mlango ulipofunguliwa tena, katika nusu ya pili ya karne ya 19, Ulaya ilikuwa imeshabadili nguo. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo 1868, na Wamisionari wa Afrika waliovuka nyika hadi ziwani na kufungua misheni ya Bukumbi 1883, kusini tu ya Mwanza, walitoka katika nchi ambazo wakati huo ziliyaonea fahari makanisa ya zama za kati. Waliyaiga hayo. Askofu Edward Steere wa Kianglikana, yule aliyetuandikia sarufi, alianza kanisa lake la Mkunazini, Unguja, 1873 penye soko la watumwa akitumia matao yaliyochongoka. Kanisa la Mtakatifu Yosefu la huko huko Unguja, ambalo minara yake miwili huonekana kutoka baharini kabla hujashuka boti, lilijengwa miaka ya 1890 kwa matao ya nusu duara. Huwa nasikia waongoza watalii wa Mji Mkongwe wakiyaita yote mawili baroki kwa kuwa ni makongwe na yana vioo vya rangi. Hapana. Kwa umri wa mitindo, baroko iliingia katika shimo la miaka mia na sabini hivi ambayo pwani yetu haikuwa na mteja wake.

Anayetaka kuiona bila kuvuka bahari kubwa ana njia mbili. Ya kwanza ni Kisiwa cha Msumbiji, mji wa mawe ambao UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 1991. Ajihadhari tu asianzie kwenye kikanisa cha Baluarte, maana hicho ni cha 1522, kabla ya mtindo wenyewe kuzaliwa. Aende kwenye kanisa la Mtakatifu Paulo, lililoanza kama la Wajesuiti, akatazame mimbari ya mbao iliyochongwa. Ya pili ni Ethiopia. Kule Gorgora, ukingoni mwa Ziwa Tana, Wajesuiti walijenga kanisa la mawe miaka ya 1620, kabla Mfalme Susenyos hajaachia kiti 1632 na mwanawe Fasilides kuwafukuza. Leo ni magofu. Ziwa Tana ni chanzo cha Nile ya Buluu kama ziwa letu lilivyo chanzo cha Nile Nyeupe, hivyo baroko ilifika kwenye maji ya mto huu, ila kwa mkono wake mwingine.

Turudi kwenye neno. Baroki limetokana na masikio yaliyozoea Kiingereza au Kifaransa. Silikatai kwa chuki, lakini lina njia ndefu isiyo na sababu. Maneno tuliyoyachukua kwa Wareno tuliyachukua na irabu zake za mwisho: copo likawa kopo, lenço likawa leso, vinho likawa mvinyo, mesa ikawa meza. Barroco kwa kanuni hiyo linatoa baroko, bila kuongeza wala kupunguza silabi. Mtaliano naye anasema barocco. Pendekezo la kutafsiri maana, kama mtindo wa madoido au usanifu wa nakshi, halinishawishi. Mlango wa Kizanzibari umejaa nakshi na si baroko. San Carlo la Borromini ndani ni jeupe karibu lote, na ni baroko kupita kiasi.

Kizuizi cha kweli ni kingine, na waliokulia parokiani wameshakiona. Tangaza Igogo kwamba Jumamosi kuna ziara ya kanisa la baroko, na nusu ya waamini wataelewa ni kanisa la Paroko, yaani la padre wao msimamizi. Watauliza kwani mengine ni ya nani. Lakini Kiswahili kimewabeba paka na baka, pata na bata, bila kupoteza mtu. Tena Paroko mwenyewe ni shahidi wangu: amekuja kupitia Kanisa na -o yake, na hakuna aliyemwita Paroki. Panapohofiwa mkanganyiko, tumia kiambishi: kanisa la kibaroko, mimbari ya kibaroko.

Istilahi isitanuliwe pia kwa kila kanisa linalogusa moyo. Panda daladala hadi Kisesa, uende Bujora, ambako padre David Clement kutoka Quebec alijenga miaka ya 1950 kanisa la duara lenye sura ya nyumba ya Kisukuma na altare yenye alama za utemi. Sikukuu ya Ekaristi ikifika, tamasha la ngoma la Bulabo linaanza, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana kucheza, na vumbi linapanda. Kuna tamthilia hapo, na Mjesuiti wa karne ya 17 angeielewa mara moja. Lakini jengo la Bujora linakusanya watu kwenye duara tulivu. Halimchezei mtazamaji hila ya macho wala halifichi dirisha. Lina ukoo wake, na jina lake litoke kwenye ukoo huo.

Kwa wanaotunga kamusi, ningeandika hivi:

baroko nm [i-] 1. mtindo wa usanifu na sanaa ulioanzia Italia mwishoni mwa karne ya 16 na kuenea Ulaya na makoloni yake hadi katikati ya karne ya 18, unaotumia mikunjo, mwanga uliopangwa na hila za macho ili kumwingiza mtazamaji katika tukio. 2. muziki wa Ulaya wa kipindi hicho.

Maana ya 2 ndiyo itakayopata watumiaji upesi. Johann Sebastian Bach na Georg Friedrich Händel wote walizaliwa 1685, mwaka ule ule wa kuba ya Pozzo, na ile Haleluya ambayo kwaya za Mwanza huifanyia mazoezi usiku kuelekea Krismasi na Pasaka, besi wakiingia mapema na mwalimu akigonga meza waanze upya, Händel aliitunga 1741.