Kura iliyomweka Mangi Mkuu, kura iliyomwondoa

Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza iliigawa Uchagani sehemu tatu: Hai, Vunjo na Rombo. Kila sehemu ilipewa mangi mwitori, yaani mangi (chifu) wa kuwasimamia mamangi wengine. Watu wa Tarakea, huku mpakani na Kenya, wakawa chini ya John Maruma wa Rombo. Hai ilikuwa na Abdiel Shangali, Vunjo Petro Itosi Marealle.

Ngazi hiyo mpya iliwaudhi wengi, maana hakuna mwananchi aliyeulizwa. Mwaka 1949 Petro Njau na Joseph Merinyo, mkongwe wa chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa, wakaunda Kilimanjaro Chagga Citizens Union. KCCU ilidai Wachagga wawe na mkuu mmoja, tena wamchague wenyewe. Dai la pili, kwa maoni yangu, ndilo lililokuwa zito zaidi.

Uchaguzi ukafanyika 1951. Mtu wa KCCU alikuwa Thomas Marealle wa Marangu, kijana aliyesoma Uingereza, mjukuu wa Mangi Marealle wa enzi za Mjerumani. Mamangi waitori wote watatu waligombea, na wote watatu wakashindwa. Januari 1952 Thomas Marealle alisimikwa kuwa Mangi Mkuu mbele ya Gavana Edward Twining.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya neema. Kahawa ilikuwa na bei, bendera ya Wachagga ikapepea, sikukuu yao ikasherehekewa kila mwaka. Ila Mangi Mkuu alikuwa amechaguliwa wa maisha, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Chama cha TANU kilikwisha kuzaliwa mwaka 1954, na vijana waliosoma hawakuona kwa nini kura ipigwe mara moja tu. Wakaanzisha Chagga Democratic Party. Mwanasiasa aliyeibeba hoja yao alikuwa Solomon Eliufoo, mwalimu wa Machame na mtu wa TANU.

Februari 1960 wananchi wakaulizwa: Mangi Mkuu wa maisha, au rais wa kuchaguliwa kwa muda? Wakachagua rais, na Eliufoo ndiye aliyeshika kiti hicho. Haki ambayo KCCU iliipigania ndiyo iliyomwangusha mtu wake.

Marealle alikwenda mahakamani kudai fidia, akashinda. Mwaka 1963 Bunge likatunga sheria iliyozuia madai ya namna hiyo ya mamangi na machifu, ambao vyeo vyao vilikuwa vimekwisha kufutwa nchi nzima. Wakati huo Eliufoo alikuwa Waziri wa Elimu.