Nani aliandika hii?

Niseme ukweli wasee, kilichonivuta kwa hii story ni ile swali ya polisi: kati yenu watatu, nani aliandika huu ukurasa?

Hapo ni Lisbon, 1972. Ureno imekaa chini ya udikteta zaidi ya miaka 40. Hadi 1969, mwanamke aliyeolewa hangeweza kutoka nchini bila ruhusa ya mume. Mwaka wa 1971 Maria Teresa Horta alikuwa ametoa kitabu cha mashairi kuhusu mwili na mapenzi, na wanaume wakampiga barabarani. Kupigwa, juu ya mashairi!

Sasa akaungana na Maria Isabel Barreno na Maria Velho da Costa. Kila wiki walikutana, kila mmoja na karatasi zake, wakasomeana. Wakatoa Novas Cartas Portuguesas. Ukikifungua huwezi sema ni riwaya. Kuna barua, mashairi, vipande vya insha, sauti za wake walioachwa na waume waliopelekwa vitani Afrika kupigania makoloni. Hakuna kipande kimewekwa jina la mwandishi.

Wazo walilitoa kwa kitabu cha 1669, barua za mtawa wa Beja anayemlilia ofisa Mfaransa aliyemuacha. Wataalamu wengi leo wanasema aliyeandika zile barua ni mwanamume, Mfaransa pia. Yaani hata machozi aliandikiwa! Hawa watatu wakamrudishia kalamu.

Serikali ikakipiga marufuku kitabu na kuwashtaki kwa ponografia na kuvunja maadili ya umma. Polisi walitaka mmoja wa kubeba msalaba. Wote watatu wakakataa kusema nani aliandika nini. Huwa tunafunzwa shuleni kwamba muundo ni mambo ya mtihani, andika sifa tano uende. Hapa muundo ndio ulikuwa wakili wao, juu utamfungaje mtu kwa ukurasa usiojua ni wake?

Wanawake wa nchi zingine wakaandamana nje ya balozi za Ureno. Halafu tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wakapindua serikali, watu wakawawekea maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki. Mwezi uliofuata, korti ikawaachilia hao watatu.

Barreno alifariki 2016, Velho da Costa 2020, Horta Februari 2025. Polisi waliouliza ile swali hawakuwahi kupewa jibu.