Mionzi ya kuua bakteria katika chakula
Mionzi ya gama itokayo katika kobalti-60 hupenya chakula na kuvunja chembechembe za urithi za bakteria kama vile salmonela, wakafa au wakashindwa kuzaana. Chakula chenyewe hakibaki na mionzi. Mwaka wa 1980, wataalamu wa FAO, IAEA na WHO waliafiki kwamba kipimo kisichozidi kilogrei 10 hakina madhara.

Katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet, maziwa yafaa kuchemshwa, kwani mionzi huharibu ladha yake. Kwa mahindi, mionzi haiondoi aflatoksini iliyokwisha kuingia. Sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004. Mkulima hana budi kuyakausha vyema kabla ya kuyaweka ghalani.