Viza ya likizo ya kazi: Vijana wajihadhari na mlango uliokwishafungwa

ILULA, mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, unafahamika kwa wasafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya kutokana na nyanya na vitunguu vinavyouzwa kandokando ya lami. Mji huo una pia hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na wageni vijana kutoka Ulaya na Marekani si jambo geni hapo.

Kijana wa Ilula anayewaona wageni wa rika lake ana haki ya kuuliza: je, naye anaweza kwenda kwao, akafanya kazi kwa miezi kadhaa, akaiona nchi, kisha akarejea nyumbani?

Zamani mlango huo ulikuwapo. Uingereza ilikuwa na mpango wa likizo ya kazi kwa vijana wa nchi zote za Jumuiya ya Madola, Tanzania ikiwamo. Mwaka 2003 umri wa juu uliongezwa hadi miaka 30, na kijana aliruhusiwa kukaa miaka 2. Kuanzia mwaka 2005, muda wa kufanya kazi ulipunguzwa na kuwa miezi 12 tu.

Novemba 2008 mpango huo ulifutwa. Uliorithi nafasi yake huchagua nchi moja moja, na Tanzania haimo. Australia nayo, iliyoanzisha viza ya aina hiyo mwaka 1975, haina makubaliano hayo na Tanzania. Kwa hiyo, mtu anayemwahidi Mtanzania viza ya likizo ya kazi ya nchi hizo mbili anamuuzia mbuzi kwenye gunia.

Njia iliyobaki

Hata hivyo, zipo njia halali. Tangu mwaka 2019 Uingereza imekuwa na viza ya kazi za msimu katika kilimo cha mboga na matunda, isiyozidi miezi 6. Haibagui uraia, ila mwombaji awe na umri wa miaka 18 au zaidi na apate udhamini wa kampuni iliyoidhinishwa na serikali ya huko. Ada ya viza hulipwa, lakini sheria za Uingereza zinakataza kumtoza mfanyakazi fedha kwa ajili ya kumtafutia kazi.

Kwa upande wa nyumbani, ajira za nje zinasimamiwa chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999. Wakala binafsi anatakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Kazi. Kipo pia chombo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 2008 kwa jina la Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA).

Wageni nao wabanwa

Sheria haimbani Mtanzania peke yake. Mgeni anayekuja Ilula kwa viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi, hata ile ya kujitolea isiyo na mshahara. Wanaojitolea huombewa kibali cha ukaazi Daraja C kutoka Idara ya Uhamiaji, na tangu mwaka 2015 vibali vya kazi kwa wasio raia hutolewa na Kamishna wa Kazi.

Kanuni ni moja kote: viza ya matembezi si kibali cha kazi. Anayesafiri kwa viza hiyo kisha akaajiriwa hukaa kwa hofu. Akidhulumiwa mshahara huogopa kushitaki, na akikamatwa hurudishwa kwao.

Kabla ya kuuza shamba la mzee ili kupata nauli, kijana anashauriwa kuona mambo matatu kwa macho yake: leseni ya wakala, mkataba wenye jina la mwajiri na kiwango cha mshahara, na aina ya viza aliyopewa. Likikosekana hata moja, asubiri. Shamba likishauzwa, kulirudisha ni kazi ngumu.