Wosia wa Baba na Shamba la Holaria

Wanafunzi wangu huniuliza: wosia una nguvu gani mbele ya ukoo? Huwarudisha Muleba, mwaka 1988. Holaria Pastory, aliyeachiwa shamba la ukoo na babaye kwa wosia halali, alikuwa amezeeka, hana wa kumtunza. Akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akashtaki: mwanamke wa Kihaya huitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini haiuzi. Ndivyo lilivyosema Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963.

Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo hayo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliipima mila hiyo kwa haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Mpwa angeweza kulikomboa shamba, mradi alipe bei ileile.

Mrithi asiyeweza kuuza mali yake hata kwa ajili ya chakula chake amerithi nini? Nionavyo, amefanywa mlinzi wa mali ya wengine, tena bila ujira.

Baadaye, wajane wawili walilipinga Tangazo hilo. Mwaka 2006, Mahakama Kuu ikakubali kuwa lina ubaguzi, lakini ikakataa kulibatilisha.